Shajara ya mradi: kusoma usugu wa TB moja kwa moja kwenye makohozi

Wiki ya 1

Kabla ya kugusa pipeti tumebishana saa nzima kuhusu mahali pa kuanzia kuhesabu muda. Vipeperushi vya mashine huhesabu tangu sampuli inapoingizwa hadi jibu linapotoka. Mimi nilishikilia kwamba tuhesabu tangu mgonjwa anapokohoa kwenye kikopo hadi anapomeza dawa iliyobadilishwa kwa sababu ya majibu yetu. Wenzangu wamekubali. Kila sampuli itafuatana na karatasi yenye nafasi sita za kuandika saa: kukohoa, kupokelewa maabara, kutoa DNA, kuanza kusoma, majibu kutumwa, dawa kubadilishwa. Nafasi ya sita tutaijaza kwa kupiga simu wodini, kwa kuwa hakuna njia nyingine ya kujua.

Tunaanzia hapa. Kipimo cha GeneXpert, ambacho Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikiridhia Desemba 2010, kinatuambia kwa saa mbili hivi kama kuna bakteria wa TB na kama wana usugu kwa rifampisini, dawa kuu ya TB. Aliyewahi kungoja kila kitu kutoka kwenye hadubini na chupa za kuoteshea bakteria anajua ukubwa wa hatua hiyo. Lakini kwa rifampisini kinatazama eneo la herufi 81 tu za DNA ndani ya jeni ya rpoB. Usugu ukishaonekana, daktari bado ana maswali. Dawa nyingine je? Isoniazidi je? Fluorokwinoloni je? Kuna katriji nyingine (kikasha cha kipimo kinachoingizwa kwenye mashine hiyo) inayojibu hayo mawili, ila haigusi bedakwilini wala linezolidi, na hizo ndizo nguzo za matibabu ya TB sugu siku hizi.

Yanayobaki tunayapeleka kwenye kuotesha. Bakteria wa TB hana haraka: anagawanyika mara moja kwa takriban siku nzima, wakati E. coli anagawanyika kila dakika 20 akipata chakula na joto. Kuota peke yake ni wiki mbili hadi sita, kisha ndipo dawa zianze kupimwa. Muda wote huo mgonjwa yuko kwenye dawa zilizochaguliwa kwa kukisia.

Tunachotaka kufanya ni kuchukua makohozi yenyewe bila kuotesha, kuzidisha kwa PCR (njia ya kunakili DNA mara nyingi) vipande vya jeni zinazohusika na usugu, kuvisoma herufi kwa herufi, kisha kumpa daktari jibu la dawa zote kwa mkupuo mmoja. WHO ilitangaza kuridhia vipimo vya namna hii mwaka 2023, na mwongozo kamili ukatoka 2024. Kwa hiyo hatuvumbui kitu. Tunataka tu kifanye kazi hapa tulipo, mikononi mwetu.

Wiki ya 2

Tumegawa vyumba: chumba safi cha kuchanganyia viambato vya PCR, chumba cha sampuli chenye kabati la usalama, na chumba cha tatu cha DNA iliyokwisha kuzidishwa. Njia ni moja, kutoka cha kwanza kwenda cha tatu. Aliyeingia cha tatu harudi cha kwanza siku hiyo. Makoti yana rangi tofauti kwa kila chumba. Viambato vimefika vikiwa bado vimeganda.

Wiki ya 3

Kutoa DNA kumetushika wiki nzima, na nadhani hatujamaliza.

Makohozi hayafanani. Moja ni jepesi kama mate. Jingine ni zito, la manjano, lina uzi mwekundu wa damu. Ukilivuta kwa pipeti linapanda hadi nusu, linasita, kisha linajirudisha lenyewe chini na kubaki limening'inia kwenye ncha kama ulimbo. Hilo zito ndilo tunalolitaka, maana ndimo bakteria wanamojaa. Dawa ya NALC huuvunja ule ute, na sodiamu haidroksaidi huua bakteria wengine wanaoota haraka. Muda ukipita kiasi, huanza kuwaua na wa TB, na sehemu ya sampuli hiyo hiyo bado tunaihitaji kwa kuotesha. Kwa hiyo mtu mmoja anasimama na saa mkononi na hafanyi kazi nyingine yoyote.

Kisha kuna ukuta wa bakteria mwenyewe. Umejaa nta, asidi za mikoliki, na nta hiyo ndiyo inayomfanya ashikilie rangi nyekundu ya Ziehl-Neelsen hata akioshwa kwa asidi. Tulijaribu joto peke yake, nyuzi 95 kwa nusu saa. Kwa usalama wetu linafaa, kwa sababu bakteria wamekufa. Ila DNA iliyotoka ilikuwa haba, na nyingi ilikuwa ya binadamu, kutoka kwenye chembe za mapafu na za kinga zilizokuja na makohozi. Tumeongeza hatua ya kutikisa kwa shanga ndogo za kioo ili zivunje ukuta kwa kuugonga. Mavuno yamepanda. Tulipotikisa kwa muda mrefu zaidi yakaanza kushuka tena, na ilituchukua siku mbili kuelewa sababu. Vipande tunavyozidisha vina urefu wa herufi elfu moja hivi. Uzi wa DNA ukikatika mfupi kuliko hapo, praima (kipande kifupi cha DNA kinachoanzisha kunakili) ya upande mmoja inapata pa kushika na ya upande wa pili inakosa, na hakuna kinachozidishwa. Tumepunguza muda.

Sampuli zenye bakteria wachache bado zinatusumbua. Hilo linaniuma, kwa sababu mara nyingi ni za watoto na za watu wanaoishi na VVU, ambao makohozi yao huwa na bakteria wachache hata ugonjwa ukiwa mkali.

Wiki ya 5

Wiki mbaya. Naiandika yote ili asije mwingine akapitia haya.

Katika kila mkupuo, yaani kundi la sampuli zinazofanyiwa kazi pamoja, tunaweka tyubu ya maji matupu, ambayo inapita kila hatua kama sampuli nyingine. Jumatano asubuhi maji hayo yametoa majibu. Mamia ya vipande vya rpoB vimesomwa humo, vikiwa na badiliko la S450L, yaani kwenye protini, amino asidi ya serini ya nafasi ya 450 imegeuka lusini. Ni badiliko la kawaida kuliko yote kwa usugu wa rifampisini. Ingekuwa sampuli ya mtu, angeanzishiwa matibabu ya TB sugu kwa ugonjwa asiokuwa nao.

Tumesimamisha kazi. S450L peke yake haikutuonyesha chanzo, kwa sababu ipo kila mahali. Tulipotazama jeni nyingine ndani ya maji hayo tukakuta mseto wa mabadiliko unaolingana kabisa na sampuli moja ya mkupuo wa wiki iliyotangulia. Kwa hiyo uchafu ulitoka ndani ya nyumba yetu wenyewe. Siku moja nzima tumefuatilia kila kilichoguswa, hadi tukafika kwenye kishikilia tyubu kimoja cha plastiki. Kilikuwa chumba cha tatu Ijumaa, mtu akakiosha kwa maji na sabuni, akakiweka kwenye rafu, na Jumatatu kikaingia chumba safi kwa kuwa kilionekana kisafi.

Aliyekiosha hakufanya uzembe. Kwa jicho kilikuwa safi. Lakini mizunguko 30 ya PCR, kila mmoja ukifanya kazi kikamilifu, hugeuza nakala moja kuwa zaidi ya bilioni moja. Kinachobaki baada ya sabuni kinatosha kuchafua wiki nzima. Klorini huharibu DNA yenyewe. Sabuni huisogeza tu. Hatukuwa tumeliandika hilo popote, na kosa hilo ni langu, kwa kuwa mimi ndiye niliyeandika utaratibu.

Tumetupa viambato vyote vilivyokuwa vimefunguliwa. Meza zimefutwa kwa klorini, zikaachwa dakika kumi, zikafutwa tena kwa alkoholi. Vishikilia tyubu vya chumba cha tatu sasa ni vyekundu, na hakuna chekundu kinachovuka mlango. Viambato vipya vimegawanywa kwenye tyubu ndogo za kutumia mara moja. Mikupuo mitatu ya maji matupu mfululizo imetoka bila kitu. Hapo tu ndipo tumeruhusu sampuli kuendelea.

Wiki ya 6

Nimeharibu sahani ya kusomea. Ndani yake mna utando wenye matundu madogo mno. Uzi wa DNA unapopita tunduni hubadilisha mkondo wa umeme, na kompyuta hutafsiri mabadiliko hayo kuwa herufi. Kabla ya kuweka sampuli lazima uvute kimiminika kidogo sana cha kuhifadhia ili kuondoa hewa mdomoni mwa sahani. Nilivuta, nikaona kimiminika kinapanda kwenye ncha, nikadhani imetosha. Kiputo kimoja, kidogo kuliko kichwa cha pini, kilikuwa bado kimekaa kwenye mfereji. Nilipoanza kusukuma kikateleza mbele, kikapita juu ya utando kuanzia upande mmoja hadi mwingine, na kila kilipopita matundu yakafa. Nilikitazama kikienda. Hakuna cha kufanya kikishaanza.

Mtu wa pili sasa anasimama kando na taa na kuangalia mfereji kabla ya mwenzake kusukuma.

Wiki ya 8

Tumesoma sampuli 24 za zamani ambazo majibu yake ya kuotesha yalikuwepo. Aliyesoma hakuonyeshwa majibu hayo. Nyingi zimelingana, na sitaandika mengi juu ya zilizolingana.

Moja haikulingana na GeneXpert. Katriji ilisema kuna usugu wa rifampisini, ilhali kuotesha kulionyesha dawa inaua bakteria bila shida. Sisi tumeona sababu. Kwenye kodoni (herufi tatu zinazoita amino asidi moja) ya 433 ya rpoB herufi moja imebadilika, TTC imekuwa TTT. Zote mbili huita amino asidi ile ile, fenilalanini, kwa hiyo protini haijabadilika hata kidogo na dawa inashika kama kawaida. Katriji haisomi herufi. Inatumia vichunguzi vinavyojaribu kushikamana na eneo hilo, na kichunguzi kikikosa kushikamana inahesabu ni usugu. Mgonjwa wa aina hii huingizwa kwenye dawa za TB sugu, pamoja na madhara yake yote, kwa herufi moja isiyo na maana.

Upande wa pili una hatari kubwa zaidi. Badiliko la I491F liko nje ya zile herufi 81, hivyo katriji hailioni na inasema hakuna usugu. Hata kuotesha kwa kawaida mara nyingi hulikosa. Nchini Eswatini, utafiti uliochapishwa 2015 ulikuta karibu asilimia 30 ya bakteria wenye usugu kwa dawa nyingi wana badiliko hilo. Katika sampuli zetu 24 halimo. Tumehakikisha tu kwamba kipande tunachozidisha kinafika hapo, na kinafika.

Wiki ya 10

Majibu ya kwanza yalikuwa kurasa mbili. Niliyaona mazuri: kila jeni, kila badiliko, idadi ya mara kila eneo liliposomwa. Tulimpelekea daktari wa wodi ya TB ayapitie. Amepiga simu jioni.

"Nimeyasoma yote, ndugu yangu. Sasa nimpe nini mgonjwa?"

Nilianza kumweleza kuhusu jeni za katG na inhA. Akanisikiliza kwa subira, kisha akauliza tena swali lile lile. Tangu hapo sijaweza kuyatazama majibu yetu kwa jicho la zamani.

Tumeyaandika upya kwa ukurasa mmoja, kila dawa mstari wake, na maneno matatu tu yanayoruhusiwa: Usugu umeonekana. Usugu haujaonekana. Haikusomeka. Mabadiliko ya jeni yamehamia chini kwa maandishi madogo, kwa anayeyahitaji.

Neno la tatu ndilo nililolipigania zaidi. Eneo la jeni likisomwa mara chache mno, programu haioni badiliko lolote, na mtu akiwa na haraka huandika kwamba hakuna usugu. Kumbe hatukuona kwa sababu hatukutazama. Sasa dawa ambayo jeni yake haikufikia kiwango chetu cha usomaji inaandikwa Haikusomeka, na sampuli inarudiwa.

Neno la pili nalo limeleta mjadala. Mwenzangu mmoja alitaka tuandike "dawa inafaa", kwa kuwa ndivyo daktari atakavyolielewa hata hivyo. Nimekataa. Kwa rifampisini karibu usugu wote unatoka rpoB, kwa hiyo ukimya wa jeni una uzito. Kwa bedakwilini mambo ni mengine. Jeni ya Rv0678 hudhibiti pampu inayotoa dawa nje ya bakteria, na mabadiliko yanayoiharibu yametawanyika jeni nzima, hayakukusanyika mahali pamoja. Orodha ya mabadiliko ya WHO, iliyotoka 2021 na kupanuliwa 2023, inayagawa katika makundi matano, na mengi ya Rv0678 yako kundi la tatu: maana yake haijathibitika. Hapo tunaandika kwa sentensi kamili kwamba badiliko limeonekana, uzito wake haujulikani, na jibu la kuotesha linafuata.

Kwa isoniazidi tumeongeza mstari, kwa sababu daktari anaweza kuutumia. Badiliko la S315T kwenye katG mara nyingi huleta usugu mkubwa. Lile la kwenye swichi ya inhA, c-15t, huleta usugu mdogo, ambapo dozi ya juu inaweza bado kusaidia, lakini papo hapo huondoa dawa nyingine, ethionamidi, kwenye orodha. Kuandika "usugu wa isoniazidi" tu kwa wote wawili ni kumnyima daktari nusu ya tunachokijua.

Wiki ya 11

Sampuli moja imetupa vipande vya jeni ya gyrA vya namna mbili. Vingi ni vya kawaida, na takriban kimoja katika kila vitano kina D94G, badiliko la usugu wa fluorokwinoloni. Swali la kwanza: je, ni makosa ya mashine? Makosa ya usomaji wa aina hii hupenda kujikusanya mahali herufi moja inapojirudia mfululizo, na hapa haijirudii. Tumetoa DNA upya kutoka kwenye mabaki ya makohozi, tukasoma tena. Uwiano ni ule ule. Ndani ya mapafu ya mtu huyu wamo bakteria wa aina mbili.

Kipimo cha kuotesha kwa njia ya uwiano huhesabu usugu pale ambapo bakteria wanaostahimili dawa wanafikia asilimia 1. Kwa kipimo hicho, moja kati ya watano ni wengi. Ukimpa moksifloksasini, mojawapo ya fluorokwinoloni, wale wengine watakufa na hawa watabaki na mapafu yote. Tumeandika Usugu umeonekana, na chini yake uwiano.

Wiki ya 13

Tumeanza sampuli za wagonjwa wa sasa, na karatasi za saa zimeanza kujaa. Nimekaa nazo jioni nzima.

Kazi ya maabara, tangu kutoa DNA hadi majibu kuwa tayari, inachukua siku mbili, na katika hizo kusoma kwenyewe ni saa chache. Muda mwingine wote unapotelea kwingine. Sampuli iliyokohowa Alhamisi alasiri imepokelewa Jumatatu. Nyingine imekaa kwenye friji yetu siku nne ikisubiri wenzake, kwa sababu sahani ya kusomea ni ghali na tulitaka mkupuo ujae. Karatasi moja ya majibu ilikaa kwenye trei ya wodi tangu Ijumaa hadi Jumanne bila kusomwa. Wiki kumi zilizopita nilikuwa nahangaika kupunguza dakika za kutikisa shanga.

Tumebadilisha mambo mawili. Mkupuo sasa unasomwa Jumanne na Ijumaa hata ukiwa na sampuli tatu, na sahani inaoshwa kwa kimeng'enya na kutumika tena, maji matupu yakithibitisha kwamba DNA ya mkupuo uliopita imeondoka. Na majibu yenye usugu yanasomwa kwa simu, daktari anayarudia kwa sauti, ndipo karatasi inafuata.

Wiki ya 14

Mgonjwa mwenye usugu wa rifampisini alikuwa ameanzishiwa matibabu ya miezi 6 ambayo WHO iliyaridhia 2022: bedakwilini, pretomanidi, linezolidi na moksifloksasini. Makohozi yake yaliingia kwenye mkupuo wa Jumanne. gyrA ilisomwa vizuri, D94G kwenye karibu vipande vyote. rplC na rrl, jeni zinazohusika na linezolidi, ziko safi. Alhamisi saa nne asubuhi nilipiga simu wodini.

"Fluorokwinoloni: usugu umeonekana."

"Fluorokwinoloni, usugu umeonekana," daktari akarudia. Nikasikia karatasi ikifunuliwa. "Basi namtoa moksifloksasini, anaendelea na zile tatu. Na bedakwilini?"

"Daktari, kuna badiliko kwenye Rv0678 ambalo maana yake haijathibitika. Tumepeleka kuoteshwa."

Alinyamaza kidogo, kisha akasema ataendelea nayo huku akimfuatilia kwa karibu, na nimpigie siku yoyote chupa itakapotoa ishara, hata kama ni usiku.

Nafasi ya sita kwenye karatasi ya mgonjwa huyu imejazwa: siku tisa tangu akohoe, na nne kati ya hizo zilikuwa safari ya kikopo kutoka wodini hadi kwetu. Jumatatu tuna kikao na wanaobeba sampuli.

Chupa ya kuotesha iko kwenye inkubeta, nyuzi 37, siku ya tano. Bado haijaonyesha kitu. Nimeandika namba yake kwenye ubao, na namba ya simu ya wodi pembeni.